Kuhama kutoka vaibreta ya kutetemeka kwenda ya hewa: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nafunda mabinti na kukaa mbele kwenye kitchen party hapa Kigoma, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji. Maswali yenyewe hayaulizwi ukumbini. Huulizwa baadaye nikisubiri bajaji, mtu anapojifanya ananisindikiza halafu anasema, "Somo, nina swali moja tu." Siku hizi wengi wanaoniuliza tayari wanayo vaibreta ya kawaida, ile ya kutetemeka. Sasa wamepata hii mpya ya hewa, wameijaribu mara mbili, wameisukumia chini ya sanduku. Majibu yangu ni haya. Ni ya watu wazima, na viungo nimevitaja kwa majina yake.

Hii wanayoiita "ya kunyonya" inafanyaje kazi? Inanyonya kweli?

Inanyonya kidogo kuliko jina lake. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu lake kwa kidole gumba, kisha vuta na sukuma mpini harakaharaka, kidogokidogo, bila kuumaliza. Kidole kinavutwa, kinaachiwa, kinasukumwa, kinaachiwa. Ndani ya kifaa mna mota ndogo inayochezesha pistoni au utando laini, na hewa iliyonaswa kwenye kikombe cha silikoni inapandishwa na kushushwa mgandamizo kwa kasi kubwa. Kikombe kinakizunguka kinembe bila kukisugua. Kinachokigusa ni hewa.

Vaibreta ya kawaida ni ukoo mwingine. Mota yake imebeba kipande cha chuma kilichokaa upande, kama kile kinachotetemesha simu. Ikizunguka, kifaa kizima kinatikisika na wewe unatikisika nacho. Aliyewahi kuegemea ukuta wa mashine ya kusaga unga ananielewa: mtikisiko unaanza begani unakwenda mpaka kwenye meno.

Ishike tofauti hiyo moja, maana karibu kila tatizo ninaloletewa linatoka hapo.

Nani aliyeibuni?

Mjerumani mmoja wa Bavaria, Michael Lenke, akiwa na mkewe Brigitte. Majaribio yake ya mwanzo aliyafanya kwa pampu ya tangi la samaki wa mapambo. Kifaa kilitoka mwaka 2014 kwa jina la Womanizer, jina ambalo kwa Kiingereza ni mwanamume mkware. Sijui nani alilipitisha. Mwaka 2016 ikaja Satisfyer, nayo ya Ujerumani, kwa bei ya chini, na ndiyo iliyokifikisha kifaa hiki kwa watu wengi.

Ile ya kutetemeka ina umri wa bibi yake bibi. Daktari wa Uingereza, Joseph Mortimer Granville, alitengeneza ya umeme miaka ya 1880 kwa ajili ya misuli ya wanaume, na akaandika wazi kwamba yeye hawatibu wanawake nayo. Hadithi kwamba madaktari wa zamani waliitumia kuwatuliza wanawake "wenye wazimu" ni tamu kusimulia, lakini watafiti waliopekua ushahidi wake mwaka 2018 hawakuukuta.

Kwa nini inalenga sehemu moja tu? Mimi nimezoea ya kuingiza.

Kwa sababu kinembe ndicho kiungo chenyewe. Kile kichwa kidogo unachokiona ni ncha tu. Sehemu kubwa imelala ndani, ina miguu miwili inayoshuka kandokando ya uke. Daktari wa Australia, Helen O'Connell, alilichora umbo hilo kwa usahihi mwaka 1998, yaani juzi. Mwaka 2022 watafiti wa Oregon, Marekani, walihesabu nyuzi za mshipa wa fahamu unaokihudumia kinembe cha binadamu wakapata zaidi ya 10,000. Idadi ya 8,000 iliyokuwa ikitajwa zamani ilitokana na mifugo. Nyama hiyo yote, na hesabu tuliazima kwa ng'ombe.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2017, uliwauliza wanawake zaidi ya 1,000: ni asilimia 18.4 tu waliosema kuingiliwa peke yake kunawatosha kufika kileleni. Kwa watu wa maziwa makuu hii si habari. Wahaya wana katerero yao, na majirani zetu wa Burundi na Rwanda wana kunyaza; zote zinapigapiga kinembe kwa mdundo badala ya kukimbilia ndani. Mimi huwaambia mabinti kwamba ya hewa ni katerero iliyotiwa betri. Wanacheka, lakini wanaelewa wapi pa kuiweka.

Somo, nimeitumia mara ya kwanza sikusikia chochote. Mwenzangu anasema yeye imemuuma. Tumekosea wapi?

Mmekosea mahali pamoja, mkaangukia pande mbili. Nyote mmeishika kama vaibreta.

Vaibreta ukitaka zaidi unaikandamiza. Mkono umezoea hivyo kwa miaka. Hii ukiikandamiza, kinembe kinabanwa kwenye ukingo wa kikombe na hewa inakosa nafasi ya kucheza. Wewe uliyekosa kuhisi huenda uliiweka juu ya ngozi inayofunika kinembe, au ukingo haukuziba, hewa ikatorokea pembeni. Aliyeumia aliipata sehemu, ila akabana, na bila shaka alianza na kasi ya juu.

Kwanza, mwili uamke. Kinembe kisichoamka kimejificha, na kikombe hakina cha kuzunguka. Tumia mkono, tumia mumeo, tumia hata ile vaibreta yako ya zamani kwa dakika chache. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea: wanaitoa kwenye chaji, wanaibandika, wanaisubiri ifanye miujiza kwenye mwili uliotoka kuosha vyombo.

Kisha lala chali, magoti yakunjwe kidogo, mto chini ya kiuno kama unapenda. Fungua mashavu ya uke kwa vidole viwili, vuta ngozi ya juu kidogo kuelekea kitovuni, na weka mdomo wa kifaa kinembe kikiwa katikati. Tia tone la kilainishi kwenye ukingo. Uzito wa mkono uwe ule wa kumwekea mtoto kiganja kwenye paji la uso kupima homa. Washa kasi ya chini kabisa. Halafu tulia, usisugue, usizungushe. Ukisogea sana utasikia mlio unabadilika na kuwa mkubwa: hewa imevuja. Rudisha taratibu.

Siku ya kwanza usivuke kasi ya tatu hata kama kifaa chako kina kumi na mbili. Nasema hivi kama amri, ingawa najua nusu yenu hamtanisikiliza.

Maumbile nayo yanatofautiana. Kuna vinembe vidogo kama punje ya mtama na vingine vikubwa, na kikombe kimoja hakiwezi kuwatosha wote. Baadhi ya vifaa huja na vichwa viwili, kipana na chembamba. Jaribu kingine kabla ya kukata tamaa. Nywele ndefu nazo huharibu uzibaji. Si lazima kunyoa, kupunguza kunatosha.

Ukifika kileleni, kinembe huwa hakitaki kuguswa, na hewa ikiendelea kupiga inakuwa karaha. Punguza kasi au zima papo hapo. Wako wanaopenda kupumzika dakika moja na kurudia, hiyo ni shauri yao.

Jipe mara nne au tano kwa siku tofauti. Ikikataa, imekataa. Rudi kwenye yako ya zamani bila kinyongo. Si kila mtu anapenda samaki wa migebuka.

Raha yake ni ileile?

Hapana. Wengi huniambia ya kutetemeka inatawanyika, inajaza nyonga yote, inakuja polepole. Ya hewa inakuja kwa nukta moja, haraka, wakati mwingine haraka mno hata mtu anahisi ameibiwa safari. Ndiyo maana sipendi neno "kuhama". Waliofurahi zaidi ni wale wanaozitumia zote mbili: mtetemo mwanzoni, hewa mwishoni.

Ya kutetemeka imeniachia ganzi. Nimeharibika?

Hujaharibika. Mtikisiko mrefu kwenye ngozi husababisha ganzi ya muda, kama mikono ya dereva wa pikipiki aliyetoka Kasulu bila kupumzika. Huisha yenyewe. Utafiti wa wanawake wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba asilimia 71.5 ya waliowahi kutumia vaibreta hawakuwahi kupata dalili yoyote mbaya sehemu za siri. Hakuna ugonjwa unaoitwa "uke uliokufa", hata kama shoga yako ameapa.

Mazoea ndiyo yapo. Mwili uliozoeshwa njia moja kila usiku huijua njia hiyo, nyingine inaichelewa. Ukiona hivyo pumzika wiki moja au mbili, au punguza nguvu. Kama ganzi haiondoki baada ya siku kadhaa, au kuna kidonda, damu au maumivu yanayochoma hata ukikaa, hilo si suala la kifaa tena. Nenda hospitali ya Maweni, omba kuonana na daktari wa wanawake, na mweleze ukweli. Amesikia makubwa zaidi ya hayo.

Naweza kutumia mafuta ya mawese kama kilainishi? Ya nazi je? Vaseline?

Mawese weka kwenye maharage. Kwa kifaa cha silikoni tumia kilainishi chenye asili ya maji, basi. Kilainishi cha silikoni kinaweza kuiharibu silikoni ya kifaa na kuifanya inate. Mafuta, yawe ya nazi, ya mawese au ya mgando, hung'ang'ania ndani ya kikombe ambako sabuni haifiki vizuri, na pia huozesha kondomu za mpira kama mnazitumia usiku huohuo. Na hata hicho cha maji ni tone, si kijiko. Kikijaa kikombeni hewa haina pa kwenda.

Naisafishaje?

Maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kabla na baada. Kichwa cha silikoni mara nyingi kinachomoka: kichomoe, kisugue ndani kwa kidole au pamba ya masikioni, suuza, kiache kikauke chenyewe juu ya kitambaa safi. Usikirudishe kikiwa na unyevu. Ya zamani ulikuwa unaifuta inatosha. Hii ina shimo, na shimo lenye unyevu kwenye joto letu huota vitu.

Usichemshe, maana ina betri. Usitumie dettol wala jiki. Kama imeandikwa IPX7 inastahimili kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Kama haina maandishi hayo, osha kichwa tu na mwili wake uupanguse.

Ihifadhi kwenye kimfuko cha kitambaa, peke yake. Ukiizungushia kanga ya pamba utaikuta imejaa nyuzinyuzi.

Nyumba tunayopanga haina dari, na kuta hazifiki kwenye bati. Majirani watasikia?

Swali la msingi. Ya hewa ikiwa imeziba vizuri ina sauti ndogo, kama mtu anayekoroma chumba cha tatu. Ukiiinua ikiwa inawaka, inapiga kelele. Kwa hiyo izime kwanza ndipo uiondoe. Ya kutetemeka kosa lake ni jingine: ukiiacha juu ya kitanda cha mbao, kitanda nacho kinaimba. Blanketi husaidia. Redio ya jirani husaidia zaidi.

Umeme ukikatika?

Za zamani nyingi zilitumia betri za dukani, za hewa nyingi zinachajiwa kwa waya wa USB, hata kwenye sola au pawabenki. Chaja nyingine hushika kwa sumaku. Futa maji na vumbi kwenye vichuma vyake kwanza. Betri ya lithiamu haipendi joto, kwa hiyo usiifiche juu karibu na bati. Mwezi wa Septemba pale juu panaivisha yai.

Tunaweza kuazimana mimi na dada yangu? Au na mke mwenzangu?

Hapana. Majimaji ya mwilini hubeba virusi na bakteria, na ile ya kutetemeka angalau unaweza kuivalisha kondomu mpya. Ya hewa huwezi, kwa sababu kondomu inaziba mdomo na kazi inakwisha. Kila mtu na yake. Kuna mambo ya kuchangia kwenye kikoba, hili halimo.

Nina mimba. Nina kitanzi. Nimejifungua juzi.

Kitanzi kiko ndani ya mfuko wa uzazi, kifaa hiki kinakaa nje, havikutani.

Ya mimba sikiliza vizuri. Kifaa cha hewa kisiwekwe kwenye mlango wa uke wala kuingizwa, kwa mtu yeyote, na kwa mjamzito ni zaidi. Hewa ikisukumwa ukeni wakati wa ujauzito inaweza kuingia kwenye mishipa ya damu, na hiyo inaua. Kikikaa juu ya kinembe tu ni jambo jingine, ila muulize kwanza mkunga wako, hasa kama umewahi kutokwa damu, kondo limekaa chini au uliambiwa usikutane na mumeo. Aliyejifungua asubiri mpaka damu ikome na mshono upone. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo kifuani amuulize daktari, kwa sababu ya zile sumaku.

Wanaokoma hedhi hawaniulizi sana, nami nasikitika, kwa sababu wao ngozi imekuwa nyembamba na kavu, na wengi kusuguliwa kunawauma. Kisichosugua kinawafaa. Kilainishi wasikose.

Nilikeketwa nikiwa mtoto kabla hatujahamia huku. Kuna faida yoyote?

Mwanangu, inawezekana. Kilichokatwa ni sehemu ya nje. Mizizi na miguu ya kinembe iko ndani na fahamu zake. Lakini kovu linaweza kuwa gumu au lenye maumivu makali, na kikombe kinaweza kushindwa kuziba. Wengine huona mtetemo mpana juu ya mashavu ya uke unawafaa kuliko hewa, kwa kuwa mtikisiko unapenya mpaka ndani. Anza na kiganja chako, ujue wapi panahisi na wapi panauma. Pakiuma, acha.

Mume wangu ameiona. Amenuna siku ya tatu.

Ameogopa. Mwanaume akiona mashine anafikiri ni barua ya kufukuzwa kazi. Usimweleze siku hiyohiyo ya hasira, na usimwambie kwamba inafanya vizuri kuliko yeye, hata kama umekasirika. Mpe aishike. Mwache aiweke kwenye kiganja chake, ahisi ile hewa. Baadaye aishike yeye kwako. Ni ndogo, na kwa mkao wa ubavu anaweza kuishika huku mambo mengine yakiendelea. Wengi kinyongo huisha wakipewa kazi.

Akikataa kabisa, hapo mzungumzie ndoa, si kifaa. Na wanaoniuliza dini inasemaje, nawaelekeza kwa shehe au padri wao.

Naipata wapi hapa Kigoma? Unauza?

Siuzi, siagizi, na simwelekezi mtu. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kwenye Jedwali la Pili, inakataza kuingiza picha za ngono na vitu vingine vinavyohesabiwa kuwa vichafu, na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 175, inagusa biashara ya vitu vya namna hiyo. Watu wamepoteza hela kwa wauzaji wa mitandaoni wakaogopa hata kuripoti. Nawajibu mnaokuja mkiwa navyo tayari, na ndugu zetu mnaosoma mkiwa nje. Yule asiye nacho ana mkono, ana mume, na katerero haina ushuru.

Niliyopewa inanuka plastiki kali. Ni kawaida?

Si dalili nzuri. Silikoni nzuri haina harufu kali na haina vitundu vya kunyonya uchafu. Zile laini kama jeli, zinazonata na kunuka, mara nyingi ni za PVC iliyolainishwa kwa kemikali ambazo hungependa zikae hapo. Isiguse mwili.

Imeingia maji, haiwaki. Fundi simu anaweza kuifungua?

Kuifungua anaweza. Ila nyingi zimegandishwa kwa gundi, na ikishafunguliwa ule uwezo wa kuzuia maji umekwisha. Betri ikiwa imevimba asiiguse, na wewe usiichaji tena. Kuna dada wa Gungu aliyempelekea fundi akamwambia ni mashine ya kukanda uso. Fundi akaihangaikia siku nzima, ikawaka, akajipima nayo shavuni mbele ya wateja. Dada akalipa elfu tano, akashukuru, na mpaka leo akifika mtaa ule anavuka barabara.